Alexander Merensky (1837–1918): Mtenda Kazi Aliyewapa Wenzake Muda Wake

Miongoni mwa wamisionari wanaokumbukwa na Walutheri wa Nyanda za Juu Kusini, Alexander Merensky ana nafasi ya pekee. Hakukaa katika nchi hii miaka ishirini au thelathini kama wengine waliomfuata, wala hakuzikwa katika makaburi ya kituo chochote cha misioni. Alifika mwaka 1891 akiwa na umri wa miaka 54, akaondoka mwaka uliofuata. Hata hivyo habari za Walutheri wa Konde, Ukinga, Ubena na Uhehe haziwezi kuanza bila kumtaja.

Sababu yake ni kwamba Merensky alikuja kuwasindikiza wenzake. Alikuwa mtu mwenye cheo na ofisi mjini Berlin, mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini katika Afrika ya Kusini, na kazi yake ya shambani ilikuwa imekwisha. Aliiacha meza yake, akawapa watenda kazi wenzake muda wa zaidi ya mwaka mmoja wa maisha yake, akawaonyesha njia, kisha akawaachia kazi waiendeleze. Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni vema kuyatazama maisha yake kwa upande huo: aliwatendeaje wale aliofanya nao kazi? Katika jambo hilo yamo mengi ya kumshukuru Mungu, na yamo pia ambayo Kanisa limejifunza kwa uchungu.

Malezi na Wito

Alexander Merensky alizaliwa tarehe 8 Juni 1837 katika kijiji cha Panten, karibu na mji wa Liegnitz, katika jimbo la Silesia. Wakati huo jimbo hilo lilikuwa chini ya ufalme wa Prussia. Siku hizi limo katika nchi ya Poland, na mji wenyewe unaitwa Legnica. Akiwa kijana alipokelewa katika seminari ya Misioni ya Berlin, chama kilichoanzishwa mwaka 1824 kwa ajili ya kueneza Injili kwa mataifa. Pamoja na Neno la Mungu, alijifunza pia misingi ya tiba, elimu ambayo baadaye ilimfaa sana yeye pamoja na watu aliokaa nao.

Mwaka 1859 aliwasili Afrika ya Kusini pamoja na mwenzake Heinrich Grützner. Walikuwa wametumwa kwa Waswazi, lakini huko mlango haukufunguliwa. Wakaelekea Transvaal, na mwezi wa Agosti 1860 wakaanzisha kituo cha Gerlachshoop miongoni mwa Wakopa. Hicho ndicho kilichokuwa kituo cha kwanza cha Misioni ya Berlin katika Transvaal. Mwaka 1863 Merensky alimwoa Marie Liers, ambaye alishiriki naye taabu zote za miaka iliyofuata.

Mahali pa Kimbilio

Mwaka 1861 Merensky aliingia katika nchi ya Wapedi, akapokelewa na mfalme Sekwati. Mzee huyo alifariki mwaka huo huo, na kiti chake kikachukuliwa na mwanawe Sekhukhune. Mwanzoni mfalme mpya hakuipinga misioni, lakini kadiri waumini walivyoongezeka alianza kuona kuwa wanatoka mkononi mwake. Wakristo walipigwa, wakanyang'anywa mali zao, na wengine wakafukuzwa. Mwezi wa Novemba 1864 Merensky na jamaa yake waliikimbia nchi hiyo pamoja na waumini wao.

Hapo ndipo lilipodhihirika jambo lililo jema katika tabia yake. Mmisionari wa Kizungu angeweza kurudi pwani na kungoja maagizo kutoka Berlin, lakini Merensky hakuwaacha watu wake. Mwezi wa Februari 1865 shamba lilipatikana karibu na mji wa Middelburg, nao wakahamia huko wote. Mahali hapo pakaitwa Botshabelo, jina ambalo kwa lugha ya Wapedi maana yake ni mahali pa kimbilio. Walifika pia Wakopa walionusurika baada ya nchi yao kupigwa mwaka 1864, pamoja na wengine waliokosa pa kukaa.

Botshabelo ilikua upesi. Palijengwa kanisa, shule, kinu cha kusagia nafaka, karakana ya wahunzi na ya watengenezaji wa magari ya kukokotwa na ng'ombe, hata na boma la mawe kwa ajili ya ulinzi. Katika miaka michache wakazi walizidi elfu moja. Merensky alihubiri siku ya Bwana, lakini siku sita zilizobaki hazikuwa zake. Aliyeumwa alimwendea yeye kwa dawa. Aliyegombana na jirani alimwendea yeye kwa upatanisho. Mafundi walijifunza kazi chini ya paa la misioni, na wamisionari wapya waliokuja kutoka Ujerumani walipitia hapo kujifunza lugha na desturi kabla ya kwenda vituoni mwao. Katika vita vya mwaka 1880 na 1881 baina ya Makaburu na Waingereza, Merensky alitumia ujuzi wake wa tiba kuwahudumia majeruhi.

Hata elimu yake hakuificha. Aliandika na kuchora ramani za Transvaal zilizowafaa wasafiri wengi. Yeye na mwenzake Albert Nachtigal waliwahi kutafuta njia ya kuyafikia magofu makubwa ya mawe ya Zimbabwe, nao hawakufika. Badala ya kuitunza habari hiyo kwa ajili ya sifa yake mwenyewe, Merensky alimweleza msafiri Carl Mauch, ambaye aliyafikia magofu hayo mwaka 1871.

Wenzake Walioondoka

Habari za Botshabelo zingeweza kuishia hapo, lakini historia ya kweli haifichi mapungufu ya wazee wake. Ardhi ya Botshabelo ilikuwa mali ya misioni. Wakazi walipaswa kufuata sheria za kituo, kulipa na kutoa kazi, huku serikali ya Makaburu nayo ikiwadai kodi. Watu waliokuja wakikimbia amri ya mfalme walijikuta chini ya amri nyingine.

Miongoni mwao alikuwemo Johannes Dinkwanyane, ndugu wa mfalme Sekhukhune kwa baba mmoja. Alikuwa Mkristo imara, na wengi walimsikiliza. Alitamani waumini wa Kipedi wapate ardhi yao wenyewe na wajitawale katika mambo yao. Merensky hakuliona jambo hilo kama ombi la mwenzi katika kazi ya Bwana. Aliliona kuwa ni uasi. Mwaka 1873 Dinkwanyane aliondoka pamoja na mamia ya watu, wakajenga mji wao wa Mafolofolo, wakaendelea kusali. Mwaka 1876 mji huo ulishambuliwa na jeshi la Waswazi lililokuwa upande wa Makaburu, na Dinkwanyane akauawa.

Jambo hilo halikuwa la mwisho. Martinus Sewushane, mmoja wa Wapedi wa kwanza waliobatizwa na baadaye mchungaji, alitumika kwa uaminifu miaka mingi. Mnamo mwaka 1890, wakati Merensky alikwisha kurudi Ujerumani, Sewushane na waumini wengi walijitenga na Misioni ya Berlin, wakaunda Kanisa la Kilutheri la Wapedi. Mmisionari mmoja wa Kijerumani, Johannes Winter, alikwenda pamoja nao. Kiini cha farakano hilo kilikuwa nafasi ya watumishi Waafrika katika Kanisa.

Mambo hayo mawili yanafundisha neno moja. Merensky alikuwa mwepesi kumsaidia mwenzake aliye mgonjwa, aliye mgeni au aliye mkimbizi. Lililomshinda ni kumsikiliza mwenzake aliyesimama wima na kudai nafasi yake. Ni rahisi kumpa mtu dawa kuliko kumpa kiti, na Kanisa la Transvaal lililipa gharama ya jambo hilo.

Katika Ofisi ya Berlin

Mwaka 1882 Merensky na jamaa yake walirudi Ujerumani. Mmoja wa watoto wao, Hans, aliyezaliwa Botshabelo mwaka 1871, baadaye alirudi Afrika ya Kusini akawa mtaalamu mashuhuri wa miamba. Mwaka 1924 aligundua tabaka la madini ya platinamu ambalo hadi leo linaitwa kwa jina la jamaa hiyo. Baba yake alipewa kazi ya usimamizi katika misioni mjini Berlin, akaandika vitabu, na mwaka 1888 akachapisha kumbukumbu zake za Transvaal.

Katika miaka hiyo Ujerumani ilikuwa imeanza kutwaa makoloni. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilitangaza shindano la insha juu ya njia bora ya kumfundisha Mwafrika kazi ya mashamba makubwa. Merensky alishinda, na insha yake ikachapishwa mwaka 1886. Alitaka malezi ya Kikristo, wala hakutetea utumwa. Lakini swali lenyewe lilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Lilimtazama Mwafrika kama mikono ya kuchumia mali ya mwingine, wala si kama mtu aliyekuwa akilima, akifuga, akifua chuma na kujenga tangu zamani katika shamba lake mwenyewe. Mtu aliyeona kwa macho yake ufundi wa Wapedi alipaswa kulikosoa swali kabla ya kulijibu. Wakazi wa nyanda hizi waliokuja kutozwa kodi ya nyumba kuanzia mwaka 1898, na kulazimika kutafuta kazi za ujira ili kuilipa, waliujua uzito wa fikra za namna hiyo.

Safari ya Nyasa

Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza ziligawana nchi za upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Misioni ya Berlin, pamoja na Kanisa la Moravian, ziliamua kupeleka watumishi huko. Swali lililokuwa mbele ya Misioni ya Berlin lilikuwa ni nani atakayewaongoza. Watumishi walioteuliwa walikuwa na moyo, lakini wengi wao hawakuwa na uzoefu wa kuanza kituo mahali pasipo na barabara, duka wala mkalimani wa kutegemewa.

Merensky angeweza kuwaandikia maagizo na kuwaombea kutoka Berlin, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa amekwisha kutumika, na umri wake kwa viwango vya siku zile ulikuwa wa mzee. Alichagua kwenda pamoja nao. Hakwenda kutafuta kituo chake, kwa maana ilijulikana kuwa atarudi. Alikwenda ili wale watakaobaki wasianze peke yao.

Katika mwaka 1891 njia iliyotumika kufika kaskazini mwa ziwa ilikuwa ya maji. Wasafiri walipanda mto Zambezi na kuingia mto Shire. Kwa kuwa maporomoko ya Shire huzuia vyombo, mizigo ilishushwa na kubebwa na wapagazi kupitia Blantyre, ambako Waskoti walikuwa na misioni yao, kisha ikapakiwa tena katika vyombo vya ziwani. Kila mzigo ulipita mikononi mwa watu wengi. Majina ya wapagazi na wapiga makasia hao hayakuhifadhiwa kama yalivyohifadhiwa majina ya wamisionari, lakini bila mabega yao hakuna Biblia, msumari wala mbegu ambayo ingefika Konde.

Homa nayo ilikuwa adui wa kila siku. Wakati huo haikujulikana bado kuwa malaria huenezwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Watu walidhani homa hutoka katika hewa mbaya ya mabonde, wakajikinga kwa kutafuta vilima na kwa kunywa kwinini. Katika msafara wa namna hiyo, kiongozi mwenye ujuzi wa tiba na aliyekwisha kuzoea Afrika alikuwa msaada kwa wote.

Tarehe 2 Oktoba 1891 kituo cha kwanza kilianzishwa katika nchi ya Konde, yaani nchi ya Wanyakyusa, kwenye kilima kilichopewa jina la Wangemannshöhe kwa heshima ya Theodor Wangemann, mkurugenzi wa Misioni ya Berlin. Ardhi waliyokanyaga wageni hao haikuwa tupu. Ilikuwa na migomba iliyotunzwa, nyumba zilizojengwa kwa ustadi na wenyeji waliokuwa na desturi zao za kushirikiana kazi. Machifu na watu wao ndio waliowapokea wageni, wakawapa nafasi na kuwauzia chakula. Hao nao ni sehemu ya hesabu ya wasaidizi.

Jirani Ng'ambo ya Mbaka

Walutheri hawakuwa peke yao. Mwaka huo huo wa 1891, wamisionari wanne wa Moravian, yaani Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, walikuwa wamefika katika nchi hiyo kwa njia ile ile ya maziwa na mito, nao wakaanzisha kituo cha Rungwe. Furaha ya kufika ilichanganyika na msiba, kwa kuwa Georg Martin alifariki mwaka huo huo. Waskoti nao walikuwa wametangulia upande wa Karonga, akiwemo daktari David Kerr Cross, ambaye aliifahamu nchi hiyo kabla ya Wajerumani kufika.

Katika sehemu nyingi za dunia, madhehebu mawili yaliyoingia katika nchi moja kwa wakati mmoja yaligombania vijiji na kuwavuta watu huku na huku. Merensky na Meyer hawakuifuata njia hiyo. Misioni zao zilikubaliana kugawana eneo la kazi, na mto Mbaka ukawa, kwa jumla, mpaka wao: Wamoraviani upande wa magharibi, Walutheri upande wa mashariki. Mapatano hayo yaliacha nafasi ya kutembeleana, kushauriana juu ya lugha na kusaidiana wakati wa shida. Hadi leo, mtu anayesafiri kutoka Tukuyu kuelekea Mwakaleli anaweza kuona alama zake katika makanisa anayoyapita.

Jambo hilo lisidhaniwe kuwa dogo. Kumpa mwenzako nafasi ni namna mojawapo ya kumsaidia, na huenda ni ngumu kuliko kumpa mali. Merensky, ambaye huko Transvaal hakuweza kumpa Dinkwanyane nafasi, huku Nyasa aliweza kuipa nafasi misioni nyingine. Kuwapa nafasi wenyeji wa nchi, hilo lilikuwa bado mbele.

Kuiachia Kazi

Mwaka 1892 kituo cha pili, Manow, kilianzishwa. Mwaka huo huo Merensky aliagana na wenzake, akarudi Ujerumani. Uongozi ulibaki kwa Carl Nauhaus na wenzake, ambao sasa waliijua njia. Mwaka 1894 Merensky alichapisha kitabu juu ya kazi ya Wajerumani katika Nyasa, ili waumini wa Ulaya wafahamu mahitaji ya vituo hivyo na kuvisaidia. Hivyo alirudi kwenye meza yake, lakini meza yenyewe ilikuwa imepata kazi mpya: kuwatetea wale aliowaacha mlimani.

Mbegu ilienea. Ikombe, kando ya ziwa, ilianzishwa mwaka 1893, na Mwakaleli katika miaka hiyo hiyo. Kutoka Konde kazi ilivuka safu ya milima na kuingia Ukinga, ambako kituo cha Bulongwa kilianzishwa mwaka 1895. Kisha ikaingia Ubena, katika vituo kama Kidugala na Lupembe, na Uhehe, ambako Pommern ilianzishwa mwaka 1912. Sehemu kubwa ya maeneo hayo ilihesabiwa katika Mkoa wa Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Kila kituo kilianzishwa na watu waliotoka katika kituo kilichotangulia, nao hawakuwa Wazungu peke yao. Walimu wa Kinyakyusa, wa Kikinga na wa Kibena walitangulia vijijini, wakafundisha kusoma, wakatafsiri mahubiri, wakawatembelea wagonjwa, na mara nyingi wakalima mashamba yao wenyewe ili wasimlemee mtu.

Mwaka 1918

Alexander Merensky alifariki mjini Berlin tarehe 22 Mei 1918, akiwa na umri wa miaka 80. Wakati huo vita kuu ya kwanza ya dunia ilikuwa bado haijakwisha. Tangu majeshi ya Uingereza na washirika wake yalipoiteka Nyanda za Juu Kusini mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa vituoni wakawekwa kizuizini. Mzee huyo alifariki wakati vituo vyote alivyosaidia kuvizaa, kuanzia Wangemannshöhe hadi Uhehe, vilikuwa havina mmisionari wa Kijerumani hata mmoja.

Mtu aliyeitazama kazi hiyo kutoka Ulaya angeweza kudhani kuwa imekufa, nayo haikufa. Walimu na wainjilisti Waafrika waliendelea kupiga kengele, kuongoza ibada na kufundisha watoto. Vita vilikuwa vimechukua vijana kwa ajili ya upagazi, na chakula kilikuwa haba; tena hapakuwa na mshahara wa kutegemewa kutoka misioni. Waskoti wa Livingstonia, ambao taifa lao lilikuwa likipigana na Wajerumani, walitoa msaada wa uangalizi kwa sharika za Kilutheri na za Kimoraviani. Wamisionari wa Berlin waliporuhusiwa kurudi, kuanzia mwaka 1925, Waskoti hawakudai kuwa shamba limekuwa lao. Waliwarudishia wenzao.

Hapo ndipo muda ambao Merensky alitoa mwaka 1891 ulipozaa matunda ambayo yeye hakuyaona. Urafiki wa Waskoti, ambao ulianza kwenye mito na maziwa, ulirudi wakati wa dhiki. Na wale ambao misioni ilikuwa imezoea kuwaita wasaidizi walionekana kuwa nguzo za nyumba. Hata hivyo Kanisa lilichelewa kulikiri jambo hilo, na wachungaji wa kwanza Waafrika katika eneo hili walibarikiwa katika kipindi baina ya vita kuu mbili. Walioshika kazi peke yao kwa takriban miaka tisa walingoja tena ndipo wakapewa kiti. Tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yalipoungana kuwa Kanisa moja, swali ambalo Dinkwanyane aliliuliza miaka tisini kabla yake lilipata jibu katika nchi hii.

Urithi Wake

Wasifu wa Merensky si wasifu wa mtakatifu asiye na waa. Alikuwa mtu wa wakati wake, na fikra za wakati wake kuhusu Mwafrika zilimfunga macho mara nyingi. Aliamini, kama wasomi wengi wa Ulaya, kuwa magofu ya Zimbabwe yalijengwa na wageni wa kale. Leo inajulikana wazi kuwa yalijengwa na Waafrika, wazee wa Washona. Aliwaona wenzake wa Kizungu kuwa watenda kazi pamoja naye. Wenzake Waafrika aliwaona kwanza kuwa watu wa kulelewa.

Lakini tendo lake la mwaka 1891 linabaki kuwa kielelezo. Imani ya Kikristo haionekani katika ibada ya Jumapili tu. Inaonekana pale mtu mwenye ujuzi anapoona mwenzake mgeni amesimama mbele ya kazi asiyoiweza, akaiacha yake kwa muda, akamwendea. Mtume Paulo, katika barua yake kwa Wagalatia, aliagiza waumini wachukuliane mizigo. Na alipowaandikia Wakorintho alieleza jinsi mmoja anavyopanda na mwingine kutia maji, huku ukuaji ukitoka kwa Mungu. Merensky alipanda akaondoka, na wengine wakatia maji.

Katika sharika za leo za Mbeya, Iringa na Njombe, nafasi ya kutenda hivyo ipo kila siku. Yupo muuguzi mzoefu katika hospitali ya Ilembula, Ilula au Bulongwa, na kando yake yupo kijana aliyetoka chuoni ambaye mkono wake unatetemeka anapotafuta mshipa wa mtoto. Yupo mwalimu wa miaka mingi, na yupo mgeni aliyepangiwa darasa la watoto themanini. Yupo mkulima wa chai wa Rungwe au Mufindi ambaye jirani yake ameugua wakati wa kuchuma. Yupo mzee wa Kanisa anayeijua hesabu ya usharika, na yupo mwenzake aliyechaguliwa jana asiyejua pa kuanzia. Ambaye kazi yake imeenda vizuri anashawishika kufunga mlango na kusema moyoni kuwa yake imekwisha.

Na kwa mwenye cheo liko jambo la pili, ambalo Merensky hakulijifunza vema na ambalo Kanisa limelipata kwa gharama kubwa. Kumsaidia mwenzako ni pamoja na kumsikiliza anapotaka kusimama mwenyewe, na kumwachia nafasi anapokuwa tayari. Walimu wa mwaka 1916 hawakupata wasifu uliochapishwa Berlin, na wengi wao hata majina hayakuandikwa. Lakini wao ndio walioipokea kazi ya Merensky mikononi mwao, na kwa uaminifu wao, kwa neema ya Mungu, zipo sharika zinazosherehekea miaka mia moja.